Wageni wa Kiuno

Ujumbe wa kifo cha Madam Njeri ulinikuta nimesimama. Ujumbe wowote hunikuta nimesimama. Kuketi ni starehe ninayojigawia kidogo kidogo, kama mafuta ya kupikia wakati wa uhaba. Ibada ya kumuaga ilifanyika mjini Kisumu kabla mwili haujasafirishwa kwao Nyeri, katika kanisa ambalo mabenchi yake yalichongwa na fundi aliyekuwa na kisasi na wanadamu wote. Kwa hiyo nilipoingia sikuhangaika nayo, nikaelekea ukuta wa nyuma, mahali pangu pa siku zote. Nikakuta pamejaa. Ukuta mzima, kutoka mlangoni mpaka dirisha la mwisho, ulikuwa umeegemewa na watu: bibi wa kitenge, kijana wa raba, mwalimu mmoja wa Maseno niliyemfahamu kwa sura, wote wima, ilhali mabenchi ya mbele yetu yalikuwa matupu. Mzee wa kanisa akaja kutusihi kwa upole, nafasi zipo, karibuni mketi. Hakuna aliyesogeza hata unyayo. Tukaanza kutazamana kwa pembe za macho, na polepole nikaelewa kwamba sisi sote tulikuwa wagonjwa wake. Sote tuliwahi kuketi, au kushindwa kuketi, katika chumba kilekile. Bwana mmoja wa suti akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni kiuno ama shingo?" Nikamwambia kiuno. "Mimi ni mkono," akasema, na nikaona mkono wa koti umekunjwa ukaingizwa mfukoni, mtupu. "Walishaukata zamani, lakini unaniuma mpaka leo." Nikamwuliza kwa nini basi yeye hakuketi, maana makalio yake yalikuwa mazima. Akasema aliona wenzake wamesimama, akaona haya kuketi peke yake. Tulicheka mpaka mwanakwaya mmoja akatugeukia, na kicheko hicho kikanigharimu: kilinichoma kutoka ubavuni mpaka gotini, na wimbo wote uliofuata niliupitisha nikipumua vile Njeri alivyonifundisha.

Nimechoka. Neno hilo naliweka mapema, kwa sababu mimi ni mtu wa kuongeza chumvi na najulikana hivyo. Nikinunua samaki mmoja wa ngege sokoni, nikifika nyumbani amekuwa mamba. Majirani zangu hapa Mamboleo hugawa kila ninachosema kwa mbili, kisha hiyo nusu wanaigawa tena. Hata shule ya jioni, ambako nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimeshapita miaka arobaini, nilisoma nikiwa wima nyuma ya darasa, na kwa muhula mzima mwalimu wa hesabu alifundisha kwa tai na jasho akidhani mimi ni mkaguzi kutoka wizarani. Lakini juu ya uchovu sina chumvi ya kuongeza. Maumivu ya siku moja ni kisa, unaweza kukisimulia watu wakakusikiliza. Maumivu ya miaka zaidi ya ishirini si kisa tena, ni hali ya hewa: unaamka, unachungulia ikoje leo, unavaa kulingana nayo. Nikiwa nimeegemea ukuta ule, nikiitazama picha ya Njeri juu ya sanduku, niliona kwamba mimi huyu ninayejulikana nilitengenezwa na mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na saba, na kwamba mtu pekee aliyeujua mwaka huo kutoka ndani alikuwa anarudishwa kwao.

Wakati huo nilikuwa muuza mgongo wazi ufuoni. Asiyeijua Kisumu nimweleze: viwanda huchukua minofu ya samaki wa mbuta na kuisafirisha ng'ambo kwa watu wenye meno dhaifu, na sisi tunabakiziwa huo mgongo wazi, yaani kichwa, mfupa na mkia, pamoja na ile nyama iliyong'ang'ania mfupani, ambayo ukiikaanga ikakauka ni tamu kuliko huo mnofu wao. Karai langu la mafuta lilikuwa kubwa kiasi cha kubatizia mtu mzima. Asubuhi moja baada ya mvua niliteleza kwenye ngazi za saruji nikiwa na beseni la samaki kichwani, nikashuka ngazi zote kwa kiuno. Mimba niliyokuwa nayo, ya miezi minne, ikatoka siku ya pili hospitalini, na mambo ya mimba yakaishia hapo. Mambo ya kiuno ndiyo yaliyoanza. Watani wa ufuoni hawakunisaza: muuza mgongo wazi, walisema, leo kafunguliwa wa kwake. Nilicheka pamoja nao nikiwa juu ya machela. Nadhani hata nilianza kucheka kabla yao.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja cha mabati: mimi, mume wangu Ouko, fundi wa kuchomelea mageti, na binti yetu Awuor, wa miaka sita. Pazia la maua ya zambarau liligawanya chumba, huku kitanda, huko jiko na meza na godoro la Awuor lililosimamishwa ukutani mchana. Daktari alipiga picha ya kiuno, akaipiga tena baada ya miezi kadhaa, akasema mfupa umeunga vizuri sana. Mfupa ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyebaki mbovu. Nikiinama kitu kilinipasua kama kuni, kwa hiyo nikaacha kuinama. Kisha nikaacha kubeba, kisha kuchota maji, kisha kutoka nje. Awuor akajifunza. Mtoto aliyezaliwa na sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya ghuba alianza kutembea kwa ncha za vidole na kusema kwa kunong'ona. Alinong'ona hata uani. Nilimsikia akimwambia mtoto wa jirani asipige mpira pale, mama yangu ataumwa. Siku moja alijisahau, akarukia kitandani kunionyesha jino linalotikisika, nami nikapiga yowe ambalo nina hakika lilisikika Uganda. Hakulia. Alishuka polepole, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtu anayeshuka mtini, akaenda kusimama nyuma ya pazia. Wiki hiyo mama yangu akaja kutoka Awasi, akaitazama hali, akafunga nguo za mtoto kwenye leso. Akasema atakaa naye mpaka nipone. Ouko akakubali, nami nikakubali. Lilikuwa jambo la busara na la huruma, na kila aliyeulizia habari za Awuor alijibiwa maneno yaleyale: yuko Awasi, mpaka mama yake apone.

Waliojaza mahali pake ni wageni. Kanisani kwetu akina mama wana zamu ya kutembelea wagonjwa, na Jumatano mchana ilikuwa yangu. Walikuja wakiongozwa na Mama Rispa, muuza mitumba pale njia panda, mwanamke mpana wa sauti nzito, ambaye akiketi upande mmoja wa kitanda wewe unapaa upande wa pili. Walileta sukari, majani ya chai, kipande cha sabuni. Waliimba, wakaomba, wakaosha vyombo, wakasonga ugali wakaacha na mboga ya osuga sufuriani, na nasema bila chumvi, bila wao kuna siku tungelala na maji. Lakini kutembelewa kuna adabu yake. Mgonjwa anayetembelewa sharti awe amelala. Ukikutwa unaanua nguo umewaaibisha watu: wamefunga biashara, wametembea na jua lote lile, kumbe mtu mwenyewe mzima? Kwa hiyo Jumatano nilijiandaa. Asubuhi nilijikongoja huku na huko, hata kufagia nilifagia. Saa sita ikifika nilijifunika blanketi mpaka kidevuni, na nikisikia viatu vyao kwenye kokoto kiuno kilianza kuuma bila kuambiwa, kuuma kweli, jasho likanitoka. Sikuwa naigiza, na hilo ndilo ambalo mpaka leo nashindwa kuwaeleza watu. Maumivu yalikuja yenyewe, kwa wakati, kama mwanakwaya mtiifu. Halafu wakiwa nyuma ya pazia wakisuuza vikombe niliwasikia. Mmoja alisema kiuno cha mwanamke kikivunjika, nyumba nayo imevunjika. Mwingine alisema Ouko bado kijana, atavumilia mpaka lini. Mama Rispa aliwaambia wanyamaze, huyu ana masikio. Katika Jumatano zote zile hakuna aliyetaja mimba. Kwetu mimba iliyotoka haina kilio. Haina jina wala kaburi la kuonyeshwa, na hakuna anayetoa viti nje kwa ajili yake. Kiuno ndicho kilichokuwa na wageni.

Daktari aliponiandikia niende kwa Madam Njeri nilidhani ni mtu wa kukanda, nikaenda nimejipaka mafuta mgongo mzima, kumbe tiba yake ilikuwa mazungumzo. Nikakuta mama mdogo wa umbo aliyevaa sweta, katika joto la Kisumu ambalo hata mjusi huomba kivuli. Chumba chake pale hospitalini kilikuwa stoo zamani. Magongo ya kutembelea yalibaki yamerundikwa pembeni, na dirisha lilitazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Kulikuwa na viti viwili na meza ndefu kwenda juu, ambayo mtu angeweza kuiegemea akichoka kuketi, na hiyo meza ndiyo iliyonifanya nimwamini kabla hajafungua mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha Nyeri, changu cha ufuoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa nyumbani ndani yake. Baadaye niliona hiyo ilikuwa bahati. Yako mambo ambayo kwa Dholuo nisingeyatamka, maana lugha ile ina masikio ya mama yangu.

Mara za kwanza nilimpa burudani. Nilimsimulia anguko langu na ngazi zikaongezeka kila wiki, mpaka nikawa nimeporomoka kutoka juu ya mnara. Nilimwigizia daktari, nilimwigizia Ouko akijaribu kupika omena bila kuziosha mchanga. Njeri alicheka kweli, mpaka alitoa leso akapangusa macho, nami nikawa natoka pale nikijipongeza kwamba kama hii ndiyo tiba, basi nadhani mimi ndiye ninayemtibu yeye. Siku moja alipomaliza kupangusa macho aliikunja leso, akaiweka mezani.

"Umenichekesha vizuri," akasema. "Sasa nieleze ulivyoamka leo, na usinichekeshe."

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nje mtu alikuwa anakung'uta shuka, pwa, pwa. Hatimaye nilisema nimeamka nikasikiliza kama Awuor ameamka, ndipo nikakumbuka hayupo, na kiuno kikaniuma. Akaniuliza kipi kilitangulia. Sikujua. Akasema sawa, twende polepole, na wiki iliyofuata akaniuliza siku zangu moja moja, kama mtu anayekagua nyumba chumba kwa chumba: Jumatatu unafanya nini, nani yupo, unaumwa vipi. Tukafika Jumatano. Nikamweleza wageni, blanketi, kokoto. Akauliza wasipokuja inakuwaje. Nikasema kuna Jumatano moja mvua iliwazuia, nikapika chapati. Niliposikia nilichosema damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia aseme wazi tu kwamba mimi ni mwongo, wa Nyeri nyinyi hamjui kuzunguka. Alisema hajasema hivyo. Nilisema amesema. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka na hasira ya kutosha kuendesha kiwanda cha sukari, na nilipofika nyumbani sikuweza kulala wala kusimama. Kiuno kilikuwa kinanipigania.

Nilikaa majuma kadhaa bila kurudi. Kilichonirudisha ni Awuor. Ouko alikwenda Awasi kumwona, na aliporudi nilimwuliza mtoto anasemaje. Alikuwa anavua viatu, hakuinua uso. Akasema mtoto hakuuliza habari zangu. Alikuwa na furaha, anacheza, ana sauti kama zamani. "Nadhani amezoea," akasema, na ile namna alivyolisema, bila kunilaumu, kama mtu anayeripoti kwamba geti limekauka rangi, ilinitia hofu kuliko kilio. Niliona jinsi jambo hilo lingekwenda. Hakuna ambaye angeninyang'anya binti yangu. Wangenisubiri tu nipone, kwa upole, mpaka awe wa mtu mwingine.

Njeri hakuniuliza nilikokuwa. Nilimwambia nataka mtoto wangu, anipe dawa ya kuniponya haraka. Akasema dawa hiyo hana, na kwamba inawezekana kabisa kiuno kisiishe kuuma maisha yangu yote. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Wote walisema utapona tu, Mungu ni mkubwa. Nililia, kisha ajabu nikajisikia kama mtu aliyewekwa chini baada ya kubebwa vibaya njia nzima. Akanieleza kwamba maumivu yangu ni ya kweli, hayakuwa uongo hata Jumatano. Ila mwili ulioumizwa sana hujifunza kuogopa, halafu hupiga kelele kwa jambo dogo kama kwa kubwa. Nikamwambia kama yule soja wa geti la kiwanda, aliyeibiwa mara moja, sasa paka akipita anapuliza filimbi mtaa mzima uamke. Akasema ndiyo, huyo huyo. Nikauliza kwa nini tusimfute kazi. "Huwezi kumfuta," akasema, "amezaliwa humo. Utamwonyesha paka, kila siku, mpaka amjue."

Kumwonyesha soja paka ndiyo kazi iliyofuata, na sijawahi kufanya kazi ya kuchosha namna ile, mimi niliyekaanga samaki tangu nikiwa binti. Nilitakiwa kusimama kuchambua mboga kidogo, kisha nipumzike kwa saa, si kwa kuumwa: saa ya ukutani ikisema lala, nalala hata kama nasikia nafuu, ikisema amka, naamka hata kama nachukia ulimwengu. Lakini mimi nikipata nafuu ni mtu wa kulipiza. Siku moja niliamka mwepesi, nikafua nguo zote, nikapiga deki, nikamkaangia Ouko samaki wa kulisha mji wote wa Kisumu pamoja na wageni wake. Kisha nikalala kitandani siku nne nikiangalia mabati. Nilipomweleza Njeri nilitarajia anipe pole. Akanifanya nimweleze siku ile ya kufua kidogo kidogo, na alipofika kwenye swali la nilikuwa namfulia nani, nikasema zilikuwemo nguo za mtoto. Akasema lakini Awuor nguo zake ziko Awasi. Nikasema si Awuor.

Zilikuwa nguo chache nilizokuwa nimeanza kununua pale njia panda, soksi na kofia ya sufi, zilizokaa ndani ya mfuko chini ya kitanda tangu siku ya kuanguka. Nilizifua, nikazianika, nikaziweka tena chini ya kitanda. Ouko hajui mpaka leo. Njeri akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kawaida kabisa, "Na huyo, nani alikuja kukupa pole?"

Ningependa kusema kiuno kilipona hapo. Msimulizi wa chumvi kama mimi angeweka hapo muujiza, magongo yote ya stoo yakacheza. Hakikupona. Nililia mpaka muda wetu ukapita na wa mtu mwingine, na kesho yake kiuno kiliuma kuliko kawaida. Njeri hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa naumwa mimba badala ya kiuno. Nilipomwuliza kama ndivyo, alisema kuanguka kuliumiza vyote viwili na kimoja tu ndicho kilichopewa ruhusa ya kulia. Nikafikiri juu ya hilo njia nzima. Nikafikiri juu yake Jumanne yote. Jumatano saa sita ilipofika sikwenda kitandani. Nilivaa gauni la kutokea, nikabandika chai, na viatu viliposikika kwenye kokoto nilisimama mlangoni, nimeshika fremu kwa sababu kiuno kilikuwa kimefika kama kawaida yake.

Wimbo uliwafia mdomoni. Mama Rispa alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Ai, nyar Awasi, binti wa watu, umeamka lini?" Nikamwambia sijaamka, nimesimama tu, waingie. Niliwamiminia chai mimi mwenyewe, wakaipokea kama watu waliokaribishwa kwenye nyumba isiyo yao. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yaliyotoka yalikuwa machache: kwamba nawashukuru kwa kiuno, lakini kama bado wana pole mkononi, leo nawaomba waniletee ya mtoto. Mmoja aliangalia kikombe, mwingine akaangalia mlango kana kwamba nimevua nguo. Waliomba sala fupi, fupi kupita zote nilizowahi kusikia kwa Mama Rispa, wakaenda. Jumatano iliyofuata hawakuja. Habari zilikuwa zimezunguka kwamba nyar Awasi amepona, anapika chai, na mtu aliyepona hatembelewi. Sukari ikaisha. Nililala mchana ule nikiwa peke yangu kuliko wakati wowote wa ugonjwa, nikamlaani Njeri na sweta lake.

Juma lililofuata Mama Rispa akaja, siku ambayo hata haikuwa Jumatano, bila wenzake na bila mfuko mkononi. Hakubisha hodi kwa wimbo. Aliketi kwenye kigoda kando ya jiko, kigoda kikalalamika, akakaa akinitazama nikichambua mchele nikiwa wima.

"Kiuno chako sijakuja kukitembelea," akasema. "Nimekuja kwa yule mwingine. Pole, mama."

Nikasema asante. Akakaa mpaka mchele ukaiva, hakuomba, hakuimba. Wakati wa kuondoka alisema tu kwamba wake alitoka akiwa wa miezi sita, na wakati ule alikuwa na jino bovu, watu wakamtembelea kwa jino. Nilicheka, naye akacheka, hizo sauti mbili kubwa ndani ya mabati, kisha akajifunga leso akarudi kwenye biashara yake.

Nilikwenda Awasi baada ya hapo, siku ya soko, nikiwa naumwa. Nataka hilo liwe wazi: sikungoja siku nzuri. Mama yangu alikuwa anapepeta mtama, akaniona nikiingia na gongo nililoazimwa na Njeri mkononi, akatabasamu, kisha akaliona gongo vizuri, tabasamu likapungua. Kabla ya chai, kabla ya kuulizana habari za njia, akauliza kama nimepona.

"Sijapona, mama."

"Sasa umefuata nini?"

"Mtoto."

Akaendelea kupepeta. Akasema tulikubaliana, mpaka nipone. Mtoto anasoma, anakula, ananenepa, kwa nini nimrudishe kwenye chumba cha ugonjwa. "Na utambebaje, nyathina?" Aliponiita mwanangu sauti yake ililegea, na hapo ndipo karibu nishindwe, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Nikamwambia simbebi, ana miguu. Akauliza siku nikishindwa kuamka je. Nikamwambia ataniona nimeshindwa, atakunywa chai ya baridi, na Ouko atamsuka nywele vibaya. Mama akaweka ungo chini.

"Unataka aone hayo?"

"Ameshayaona. Sasa nataka ayaone nikiwa naye. Mama, nikingoja kupona, utamtoa hapa akiwa bibi harusi."

Alicheka bila kutaka, kama mtu aliyepiga chafya kanisani. Kisha akafunika uso kwa mkono na nikajua ameniachia. Nje, nyuma ya jiko, nilimsikia Awuor akigombana na mbuzi, sauti imejaa, inaruka ua. Alipokunja kona akaniona alisimama. Akakaribia kwa ncha za vidole, akasimama mbali kidogo, akaniamkia kwa kunong'ona.

Kumrudisha nyumbani ilikuwa kazi ya siku moja. Kurudisha sauti yake ndiko kulikonichukua muda wote uliobaki wa mwaka ule, na Njeri hakuwa na mazoezi ya hilo, alisema nitabuni mwenyewe. Siku nikiwa nafuu mtoto alisema kidogo. Siku nikilala alinyamaza kama maji ya kisima. Mchana mmoja aliporudi shuleni alinikuta kitandani, siku mbaya, mbaya kwelikweli, mto umewekwa chini ya magoti. Akavua viatu mlangoni. Akavuta pazia polepole. Nikamwuliza walijifunza nini, akajibu kwa pumzi tu, midomo ikicheza. Nikamwambia chakula kiko tayari, asimame mlangoni amwite baba yake. Ouko alikuwa ng'ambo ya barabara, anakata chuma, mashine inalia.

"Utaumwa," akanong'ona.

"Naumwa tayari. Mwite."

Akaenda mlangoni. Akaita kwa sauti ya mtu anayeita kuku mmoja. Mashine ikaendelea kulia. Nikamwambia baba yake hajasikia. Akanigeukia, akanitazama usoni kwa muda, akitafuta kitu ambacho alijua kukitafuta kuliko daktari yeyote, na mimi sikuufanya uso wangu uwe mzuri wala uwe mbaya, nilimwachia ulivyo. Kisha akageuka, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akajaza kifua, akaita. Mbwa wakanyamaza. Mashine ikanyamaza. Mtu fulani ng'ambo ya barabara akauliza kuna nini. Awuor akaruka kunigeukia, mkono mdomoni, akisubiri.

Nilisikiliza kiuno. Kilikuwa kinauma vilevile, hakikuongeza kitu.

"Tena," nikamwambia.